Maikrofoni na Sauti ya Mwanamke: Ulinganisho wa Vyombo vya Kunasia Matamshi na Nyimbo

1. Utangulizi

Wataalamu wa lugha wamezoea kuulizana juu ya msimulizi au mwimbaji aliyetoa matini fulani: ni nani, ana umri gani, alizaliwa wapi, na lahaja yake ni ipi. Ni nadra kuulizana sauti yake ilinaswa kwa maikrofoni gani, chombo hicho kilikuwa umbali gani na kinywa chake, na kilielekezwa upande gani. Swali hilo aghalabu huachiwa mafundi wa redio na wenye studio za muziki, kana kwamba halimhusu mwanaisimu wala mtafiti wa fasihi simulizi.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba swali hilo linamhusu sana, na hasa pale sauti inayonaswa ni ya mwanamke. Sehemu kubwa ya fasihi simulizi ya pwani imo vinywani mwa wanawake: nyimbo za harusi, za vugo, za lelemama, za unyago, bembezi za watoto, na ngano za jioni. Mambo mawili humpoteza mtafiti wa hazina hii. La kwanza ni kutumia chombo kisichoweza kuipokea sauti ya mwanamke kwa ukamilifu wake. La pili, ambalo ni la hatari zaidi, ni kutumia chombo kilichobuniwa kuipendezesha sauti hiyo, kisha kuyachukua mapambo ya chombo kuwa ni matamshi ya msemaji.

Kabla ya kuendelea, yafaa neno lenyewe lielezwe. Katika mazungumzo ya kila siku "kipaza sauti" huweza kuwa chombo kinachopokea sauti kutoka kinywani, na pia kile kinachoitoa kwa wasikilizaji. Hapa pametumiwa "maikrofoni" kwa maana ya kwanza tu.

2. Sauti ya mwanamke kama kitu cha kupimwa

Tofauti inayojulikana zaidi baina ya sauti ya mwanamume na ya mwanamke ni idadi ya mitetemo ya nyuzi za sauti kwa sekunde, ambayo hupimwa kwa hezi. Katika uchunguzi wao wa irabu za Kiingereza cha Marekani uliochapishwa mwaka 1952, Gordon Peterson na Harold Barney waliwapima watu 76: wanaume 33, wanawake 28 na watoto 15. Walipotamka irabu [i], wastani wa mitetemo ya wanaume ulikuwa hezi 136, na wa wanawake hezi 235. Vilele vya mwangwi wa kinywa, yaani fomanti, navyo vilitofautiana: katika irabu hiyo hiyo fomanti ya kwanza na ya pili zilikuwa hezi 270 na 2,290 kwa wanaume, na hezi 310 na 2,790 kwa wanawake. Irabu za Kiswahili si zile za Kiingereza, lakini sababu ya tofauti hiyo ni ya maumbile, nayo haina lugha: njia ya sauti ya mwanamke kwa kawaida ni fupi zaidi.

Kutokana na hayo hutokea jambo ambalo humtatiza mchunguzi wa spektrogramu. Sauti yenye hezi 235 haina nguvu mahali popote ila penye 235, 470, 705 na kuendelea kwa mafungu hayo. Fomanti ikiwa penye 310, basi imeangukia katika nafasi tupu baina ya fungu la kwanza na la pili. Sauti nyembamba huichora irabu kwa nukta chache zilizoachana, ilhali sauti nzito huichora kwa nukta nyingi zilizosongamana. Mwanamke aimbapo na kufikia hezi 500, fomanti ya kwanza ya [i] na ya [u] huwa iko chini ya mtetemo wa chini kabisa wa sauti yake, na irabu hizo huanza kufanana masikioni. Hilo ni tendo la uimbaji wenyewe. Hakuna maikrofoni itakayolirekebisha, wala si haki kuilaumu maikrofoni kwa ajili yake.

Upande wa juu kuna vikwamizi. Kelele ya [s] ya mwanamke aghalabu huwa na nguvu zake nyingi juu ya hezi 6,000, na [sh] huanza chini zaidi, kuanzia kiasi cha hezi 2,500. Kwa hiyo tofauti ya "saba" na "shaba", au ya "sindano" na "shindano", hutegemea kwa kiasi kikubwa eneo ambalo vyombo vingi hafifu havilifikii. Tofauti ya "samani" na "thamani" ni dhaifu zaidi, kwa kuwa kelele ya [th] ni ndogo na imetawanyika.

Hata hivyo, si kweli kwamba sauti ya mwanamke haina haja ya sehemu ya chini. Sauti za wanawake wengi hushuka kwa umri, na wasimulizi ambao watafiti huwatafuta zaidi ni wazee. Marehemu Fatuma binti Baraka wa Unguja, aliyejulikana kwa jina la Bi Kidude na kufariki mwaka 2013, alisifika kwa sauti nzito yenye mkwaruzo. Mtu atakayetega chombo chake kwa kudhani kwamba kila mwanamke ana sauti nyembamba atakuwa ameikata sauti ya namna hiyo kabla hajaisikia.

3. Somo la historia

Historia ya kunasa sauti yathibitisha kwamba chombo huchagua sauti ya kuhifadhi. Kabla ya mwaka 1925 santuri zilinaswa bila umeme: mwimbaji aliimba mbele ya pembe kubwa, na nguvu ya sauti yake ndiyo iliyoisukuma sindano. Njia hiyo haikupokea vyema sauti zilizozidi hezi 2,500 hivi. Vikwamizi vilipotea karibu vyote, na sauti za juu za kike zilibaki zimekonda. Kunasa kwa umeme, kulikoanza kuenea mwaka 1925, kulipanua eneo hilo hadi kufikia kiasi cha hezi 5,000.

Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay mwaka 1928 kunasa nyimbo zake kwa ajili ya santuri za His Master's Voice, miaka mitatu tu baada ya mabadiliko hayo. Lau safari hiyo ingalifanyika miaka mitano kabla, sauti yake ingalipitia katika pembe. Pamoja na hayo, mchunguzi wa matamshi anayezisikiliza santuri za kipindi hicho hana budi kukumbuka kwamba sehemu kubwa ya kelele ya [s] imebaki nje ya mpaka wa chombo. Akiona [s] na [sh] zinakaribiana, asiharakishe kuandika kwamba ndivyo mwimbaji alivyotamka.

Mpaka wa namna hii haujaisha. Simu ya kawaida, tangu zamani, imepitisha hezi 300 hadi 3,400 tu. Mtetemo wa msingi wa mwanamke huangukia chini ya mpaka huo, na [s] yake juu yake. Mtafiti anayekusanya matamshi kwa kurekodi mazungumzo yaliyopita katika njia hiyo amekata kichwa na miguu ya kile anachokipima.

4. Aina tatu za maikrofoni

Kila maikrofoni ina kiwambo, yaani utando mwembamba uliowambwa kama ngozi juu ya ngoma, ambao hutikisika sauti inapoufikia. Aina hutofautiana kwa namna mtikisiko huo unavyogeuzwa kuwa umeme.

(a) Maikrofoni za koili. Katika aina hii kiwambo kimegandishwa koili ya waya iliyo ndani ya sumaku. Koili inapocheza, umeme huzalika. Mfano unaojulikana kuliko yote ni Shure SM58, iliyotolewa mwaka 1966. Chombo hiki ni kigumu, hakihitaji umeme wa nje, na hakisumbuliwi sana na unyevu. Lakini kiwambo kinachobeba koili ni kizito, hivyo kinachelewa kufuata mitetemo ya kasi. Watengenezaji huitangaza SM58 kuwa hupokea hezi 50 hadi 15,000, lakini si kwa usawa. Sauti za chini zimepunguzwa kwa makusudi, na za katikati ya juu zimeinuliwa ili maneno ya mwimbaji yasikike juu ya kelele za jukwaani. Kwa mwanamke mwenye sauti laini, mwinuko huo huyapa maneno uwazi. Kwa mwenye sauti kali, huongeza ukali. Katika hali zote mbili umbo la sauti yake limebadilishwa.

(b) Maikrofoni za utepe. Hapa kiwambo ni utepe mwembamba wa alumini uliotundikwa baina ya sumaku mbili. Hupokea sauti za mbele na za nyuma kwa usawa, na kuziba sauti za ubavuni. Coles 4038, iliyobuniwa na wahandisi wa BBC katika miaka ya 1950, ni mfano mashuhuri. Nyingi za aina hii hupunguza taratibu sauti za juu, na ndiyo sababu wenye studio huzipenda kwa waimbaji wa kike wenye [s] kali: hupoza ukali bila kuiharibu sauti. Lakini kile ambacho fundi hukiita ukali, mwanafonetiki hukiita ushahidi. Isitoshe, utepe huo huweza kupasuka kwa upepo au kwa pumzi ya karibu, nao haufai kupelekwa ufukweni au uwanjani.

(c) Maikrofoni za kondensa. Kiwambo hapa ni chepesi mno, kimekaribishwa na bamba la chuma lenye chaji ya umeme, na nafasi baina yao inapobadilika umeme nao hubadilika. Wepesi huo huiwezesha aina hii kufuata mitetemo ya kasi, na nyingi hufikia hezi 20,000. Neumann U 87, iliyotolewa mwaka 1967, ndiyo iliyoenea sana katika studio za kunasia waimbaji. Toleo lake la U 87 Ai hutoa milivolti 28 kwa kiwango cha sauti ambacho SM58 hutoa milivolti 1.85, yaani zaidi ya mara kumi na tano. Tofauti hiyo si ndogo kwa msimulizi mzee anayenong'ona, kwa sababu chombo chenye umeme mdogo hulazimisha kuongezwa nguvu katika kinasa sauti, na kelele ya kinasa huongezeka pamoja nayo. Udhaifu wa kondensa ni kwamba huhitaji umeme wa nje, kwa kawaida volti 48, na kwamba unyevu wa pwani ukiingia katika kiwambo huweza kuleta milio ya kukatakata. Chombo cha namna hii hapana budi kihifadhiwe pamoja na vifuko vya kukaushia unyevu.

Jamaa ya kondensa ni maikrofoni za elektreti, zilizovumbuliwa mwaka 1962 na Gerhard Sessler na James West katika maabara za Bell. Chaji yake imo ndani ya utando wenyewe daima, kwa hiyo huweza kutengenezwa ndogo na kwa bei nafuu. Zile zinazobanwa nguoni na nyingi za zile zinazovaliwa kichwani ni za jamaa hii.

5. Mwelekeo, umbali na pumzi

Zaidi ya aina, kuna mwelekeo. Maikrofoni ya pande zote hupokea sauti kwa usawa kutoka kila upande. Maikrofoni ya upande mmoja hupokea zaidi za mbele. Katika chumba chenye mwangwi, hii ya pili hupokea theluthi moja tu ya mwangwi ambao ile ya kwanza huupokea, na hivyo huweza kuwekwa mbali mara 1.7 kwa matokeo yale yale. Hiyo ni faida kubwa nyumbani kwa watu, penye watoto, kuku na redio ya jirani.

Lakini faida hiyo ina gharama. Maikrofoni ya upande mmoja ikisogezwa karibu sana na kinywa huzinenepesha sauti za chini. Waimbaji wa jukwaani hulitumia jambo hilo ili kuipa sauti uzito. Kwa mtafiti, maana yake ni kwamba msemaji anayejisogeza na kujitenga huku akisimulia hubadilisha umbo la sauti yake kila mara bila yeye mwenyewe kubadilisha chochote. Maikrofoni ya pande zote haina tabia hiyo.

Jambo la mwisho ni pumzi, na hapa ndipo Kiswahili kinapodai hadhari ya pekee. Katika Kimvita na Kiamu, mpumuo hutofautisha maneno: "paa" la nyumba si "p'aa" mnyama, na "kaa" la moto si "k'aa" wa baharini. Mpumuo wa [p'] hupeleka mbele ya midomo mkupuo wa hewa ambao ukiipiga maikrofoni huleta kishindo. Fundi wa studio hukiona kishindo hicho kuwa kasoro. Hukizuia kwa kitambaa cha nailoni au sifongo, au hukikata kwa swichi ya kupunguzia sauti za chini.

Fundi hajakosea, kwa kuwa kishindo hicho si mpumuo. Ni athari ya hewa juu ya kiwambo, nacho hufunika pale pale ambapo mtafiti anataka kupima: muda baina ya kuachiliwa kwa kipasuo na kuanza kwa irabu. Kosa huwa katika namna ya kukiondoa. Sifongo nene hupunguza pia sauti za juu, ambamo kelele halisi ya mpumuo imo. Swichi inayokata kuanzia hezi 80 haimdhuru mwanamke yeyote, lakini inayokata kuanzia hezi 200 huondoa mtetemo wa msingi wa wanawake wengi. Dawa iliyo bora haigharimu chochote: maikrofoni iwekwe pembeni mwa mdomo, kiasi cha nyuzi 45, ili hewa ipite kando na sauti ibaki.

6. Namna ya kulinganisha

Mtu akitaka kujua ni maikrofoni ipi imfaayo, asitegemee sifa za matangazo. Azifunge maikrofoni zake pamoja, viwambo vikiwa karibu iwezekanavyo, kila moja iingie katika njia yake ya kinasa, na mwanamke mmoja azisemee zote kwa wakati mmoja. Akimtaka arudie mara tatu mbele ya maikrofoni tatu, atakuwa amelinganisha matamshi matatu, si vyombo vitatu. Kisha nguvu za sauti zisawazishwe kabla ya kusikiliza, kwa maana sikio hudhani kwamba kilicho kikubwa zaidi ndicho kilicho bora.

Maneno ya kusemwa yawe yenye mizani: saba na shaba, samani na thamani, paa na p'aa, kaa na k'aa, yote ndani ya sentensi moja isiyobadilika. Afuatishe simulizi fupi na wimbo, wa chini na wa juu. Wasemaji wawe zaidi ya mmoja na wa marika mbalimbali. Halafu rekodi hizo wapewe wasikilizaji wa lahaja hiyo hiyo, bila kuambiwa ipi ni ya chombo gani, nao waandike walichosikia. Wasiulizwe ni ipi inayopendeza. Maikrofoni bora kwa kazi ya lugha ni ile inayowafanya wasikilizaji waandike neno lililosemwa.

Kwa kazi ya matamshi, dalili zote zaelekea kwenye kondensa au elektreti ndogo ya pande zote, iliyovaliwa kichwani ili umbali usibadilike, na kuwekwa pembeni mwa mdomo. Ile ya kubanwa nguoni yavutia kwa kuwa haionekani, lakini chini ya buibui au leso husugua kitambaa, na vikwamizi huchanganyika na mchakacho wa nguo. Kwa simulizi za nyumbani, kondensa ya upande mmoja juu ya kigingi, kiasi cha sentimita 30, yafaa. Kwa vugo na lelemama, ambapo pembe na ngoma hupigwa karibu na waimbaji wengi, maikrofoni mbili zilizotengwa mbele ya kundi huhifadhi mpangilio wa kiongozi na waitikiaji. Moja yaweza kuwa ya koili na kukaribishwa kwa kiongozi ili maneno yake yasimezwe. Katika sherehe ambazo wanawake hawataki zinaswe, maikrofoni inayofaa ni ile iliyoachwa nyumbani.

7. Hitimisho

Wahenga walisema kwamba mwamba ngoma huvutia ngozi kwake. Kila maikrofoni imewambwa na mtu mwenye nia yake: huyu ya jukwaa, yule ya redio, na mwingine ya maabara. Mtafiti anayewanasa wanaume kwa chombo kimoja msikitini na wanawake kwa chombo kingine jikoni, kisha akaandika kwamba wanawake wa mji fulani wanadhoofisha mpumuo au wanaikaza [s], huenda amelinganisha viwambo viwili na kudhani amelinganisha jinsia mbili. Makosa ya namna hii hayaonekani katika matini iliyoandikwa, kwa kuwa uandishi huficha chombo kabisa.

Kwa hiyo kila rekodi inayoingizwa katika hifadhi ya chuo yapasa ifuatane na maelezo mafupi: jina la maikrofoni na aina yake, mwelekeo wake, umbali na pembe kutoka mdomoni, swichi iliyotumika, kinga ya upepo, na hali ya chumba. Ni mistari mitano au sita, na huandikwa kwa dakika mbili. Msimulizi mwenye umri wa miaka themanini aghalabu hanaswi mara ya pili, na atakayeisikiliza sauti yake baada ya miaka hamsini hatakuwa na njia nyingine ya kupambanua lililotoka kinywani mwake na lililoongezwa au kupunguzwa na chombo.